Neno la Siri la Fauzia

Mjukuu wangu Fauzia ndiye aliyeziba tundu la laini ya simu ya kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, na mimi Koko wake, bibi mzaa mama, ndiye niliyelitoboa tena.

Tangu mamluki waje na kupindua serikali, laini hiyo ni ya kazi za serikali tu. Anayepiga hutaja neno la siri ndipo aunganishwe. Lakini neno lilikuwa moja mwaka mzima, hata wauza samaki wa Itsandra walilijua. Fauzia, karani wa simu hapa Moroni, akashauri libadilishwe kila siku. Bosi akakubali, ila akamwonya: likivuja tena, kazi huna.

Basi kila asubuhi nikimsuka, yeye hulikariri kwa sauti asilisahau. Mimi shule sikuiona, lakini masikio ninayo.

Juzi hamu ya kujisifu ikanishinda. Saa moja baada ya yeye kwenda kazini, nikaenda dukani kwa jirani, hapa mtaani kwetu Magoudjou, nikainua simu. Kule kituo cha simu akapokea mwanamume, si Fauzia. Nikalitaja neno kwa sauti nzito, kama waziri.

"Unamtaka nani?"

"Dada yangu aliye Mutsamudu. Nimwambie mjukuu wangu Fauzia ameziba tundu la simu. Sasa hata jini hapiti!"

Kisha nikasikia kicheko.

"Hongera, Koko. Mimi ndiye bosi wake. Hata jini hapiti, wewe umepitaje?"

Nikajaribu kujiokoa. "Samahani, baba, nimekosea namba."

Nyuma yake sauti ya Fauzia ikalia: "Koko! Kuanzia kesho najisuka mwenyewe!"