Shimo la Kale Nyuma ya Shamba la Ulezi

Mume wangu alifanya kazi mgodini Mpanda msimu mmoja tu, akarudi kwetu milimani Mwese amekuwa bingwa wa mawe. Kila jiwe jeupe alililamba, akaligeuzageuza juani. Alipoona mashimo ya kale nyuma ya shamba letu la ulezi, usingizi ulimpaa. Wazee walisema yamechimbwa na nguruwe pori. Yeye akasema nguruwe hachimbi wima kwenda chini, na kwa hilo nilimuunga mkono.

Siku hizo mwanamke hakusogea penye shimo la dhahabu. Eti dhahabu humkimbia. Nilikuwa mke wa mwaka wa kwanza. Kila mchana niliacha ugali wa mume wangu kwenye kisiki mbali na shimo, nikaita, nikarudi huku nikisonya.

Mchana mmoja niliitikiwa na kilio. Mume wangu alikuwa amemteremsha mdogo wake kwa kamba ndani ya shimo jembamba, na jiwe likamwangukia mguuni. Kila kamba ilipovutwa, shemeji alipiga yowe. Udongo ulizidi kummwagikia. Mume wangu alijaribu kushuka, mabega yakakwama mdomoni mwa shimo. Kwenda kijijini kuita watu kulikuwa ni kwenda kuita wa kuzika.

Nikajifunga kibwebwe.

"Usiingie, wewe ni mwanamke!"

"Na yule aliye chini ni dhahabu?"

Akanipa koroboi.

Kamba ilikuwa moja, nayo ilikuwa kiunoni mwa shemeji. Nikashuka kwa kupapasa. Mguu ukakuta kikanyagio kilichochongwa mwambani, vidole vyangu vikaenea humo sawasawa. Chini yake kingine, na kingine tena, vyote kwa hatua yangu. Aliyevichonga alikuwa na mguu kama wangu na kimo kama changu, wala hakuna aliye hai anayejua jina lake.

Nililisukuma lile jiwe kwa mpini wa jembe aliloshuka nalo shemeji mpaka mguu ukachomoka. "Vuta!" Shemeji akapanda akilia, nikabaki peke yangu nikingoja kamba.

Hapo ndipo nilipoinua koroboi. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa ukutani palikuwa na alama ya kiganja. Nikaweka changu juu yake, kikalingana. Usawa wa goti langu palikuwa na kingine, kidogo, vidole vitano vimetanuliwa kama watoto wafanyavyo kwenye udongo mbichi. Mbele kidogo njia ilikuwa imezibwa na kifusi cha zamani, kimekauka kuwa mwamba. Chini yake ulitokeza mfupa wa mguu, mwembamba, na ubavuni mwake kifupa ambacho ningeweza kukifumbata. Juu yao ulipita mshipa wa jiwe jeupe wenye chembe za njano, zinang'aa kana kwamba zimepanguswa asubuhi ile. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nilitamani nisingekiona. Niliogopa, nikapiga magoti.

"Umeiona?" mume wangu aliuliza kutoka juu. Sauti yake ilitetemeka kwa tamaa.

"Ipo," nikamjibu. "Na wenyewe wapo."

"Wenyewe nani?"

"Mama na mtoto wake."

Kamba ikateremka mbele yangu. Kisha akasema taratibu, "Jifunge, mke wangu. Panda."

Nilipotoka hakuniuliza tena. Alivua kofia, akachota udongo konzi moja, akautupia shimoni kama tufanyavyo makaburini, kisha akashika jembe tukaanza kufukia.