Oili ya Mashine na Mteremko wa Kijiji Chetu

Nakumbuka asubuhi moja nilipopiga magoti nyuma ya mashine ya kukatia majani, pua yangu karibu na bomba la moshi, na wanawake waliokuwa wakipita na mizigo yao ya kuni wakinicheka.

“Huyo ndiye msomi wetu,” mmoja akasema. “Huko chuoni wamemfundisha kunusa.”

Waliniita msomi kwa sababu nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, binti asiyeweza kuona kitu bila kukiuliza swali. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa juu ya Lushoto, njia ya kwenda Shume, katika shamba lililoachwa na mlowezi baada ya Uhuru. Alituachia ng’ombe wa maziwa na mashine ile, ya kukalia kama trekta dogo, aliyokuwa akikatia nyasi za bustani yake. Sisi tuliitumia kukatia majani ya ng’ombe.

Tatizo lilikuwa oili. Kila asubuhi ilipimwa, ikakutwa imepungua, ikaongezwa. Nayo oili, mwanangu, siku zile ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Watu wakaanza kusema kwamba dereva, Mzee Hoza, anaikinga kwenye chupa usiku na kuiuza mjini Mombo, chini ya milima. Jumapili baada ya ibada kungekuwa na mkutano wa kumwondoa, na mtu akishaitwa mwizi wa mali ya kijiji, hata salamu yake huitikiwa nusu.

Lisemwalo lipo, walisema wazee. Methali hiyo mpaka leo inanisumbua. Mangapi yamesemwa ambayo hayakuwepo?

Moshi nilioukuta ulikuwa wa bluu na ulinuka oili iliyoungua. Kumbe oili haikwenda Mombo yote; nyingine ilikuwa ikiungua mbele ya macho yetu. Fundi mmoja alishasema pete za pistoni zimelika, zinapitisha oili. Sawa, lakini kwa nini moshi ulikuwa mwingi asubuhi, mara tu baada ya kuongeza oili, na jioni ukapungua? Pete zilizolika haziponi mchana.

Nikamfuata Mzee Hoza shambani kwake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.”

Nikaanza. Dumu la oili linawekwa wapi? Nani ana ufunguo? Unamimina kiasi gani? Alijibu huku akipalilia maharage, halafu akaegemea jembe.

“Mimi umeniuliza mpaka koo limenikauka. Anayepima je, umemwuliza nini?”

Aliyekuwa akipima ni Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, na Mwenyekiti nani amwulize?

Asubuhi iliyofuata nikaenda kutazama. Mashine ililala kando ya ofisi, kwenye mteremko, mawe yamezuia magurudumu. Huku kwetu hilo si jambo la kushangaza. Hata chungu jikoni tunakiwekea kijiwe upande mmoja. Mwenyekiti akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya, akakitoa.

“Unaona? Kimekauka tena.”

Niliona. Ila mimi nilikuwa nikitazama miguu yake: mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa. Sisi watu wa milimani tumezaliwa tukisimama hivyo, wala hatujui kama tumeinama. Mimi chuoni nilikuwa nimekaa pwani, kwenye tambarare, na magoti yangu yalikuwa bado yanalalamika.

Jumapili, kabla ya mkutano, nikamwomba Mwenyekiti mashine isukumwe mpaka barazani pa kanisa, penye sakafu ya saruji.

“Mashine kanisani?”

“Barazani tu, Mwenyekiti. Kwa heshima yako.”

Wanaume wakaisukuma. “Mgosi, taratibu,” mmoja akampigia mwenzake kelele, “isije ikabatizwa!”

Nikaweka sufuria ya maji sakafuni. Maji yakatulia umbali uleule kutoka ukingoni kila upande: sakafu haikuinama. Nikamwomba apime. Akafuta kijiti, akachovya, akatazama. Akafuta tena, akachovya tena. Oili ilikuwa imepanda mbali juu ya alama. Pale ofisini mteremko uliivuta upande wa pili, kijiti hakikuifikia, nasi tukaongeza juu ya iliyojaa. Iliyozidi injini iliisukuma hadi kwenye njia ya hewa, ikaungua na petroli mpaka ikapungua, ndiyo maana jioni moshi ulikuwa mchache. Nilipofungua chujio la hewa, lilikuwa likidondosha oili.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Hoza mbele ya watu wote.

“Kaka, mpotezaji wa oili ni mimi.” Akamkabidhi kijiti.

“Basi nipe na kitambaa,” Mzee Hoza akasema, na kicheko kikavunja mkutano.

Tangu siku hiyo tulipima barazani. Moshi ulipungua sana, ingawa haukuisha. Pengine fundi naye alikuwa na ukweli wake kidogo.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini kumwuliza mshtakiwa peke yake ni nusu ya kuuliza. Swali lipeleke pia kwa aliyeshika kipimo. Tanguliza shikamoo, ila lipeleke. Na ukimpima mwenzako ukamwona amepungua, kwanza tazama ardhi uliyosimama, maana mazoea huufanya mteremko uonekane tambarare.

Mungu akupe macho yasiyochoka kuchungulia, na watu wenye subira ya kukungoja unapochungulia. Jina lako lisipimwe na aliyesimama kombo. Amina.