Waranti ya gun yangu ya sofa: walivyonizungusha hadi nikakaribia kuacha ufundi

Niaje wakuu.

Mimi huwa nasoma nyuzi za wengine halafu napita kimya kimya, lakini hii imenikaa kwa roho na leo naitoa. Sitaongeza chumvi. Yaliyonipata ni haya haya, na shahidi ninaye hapa kando ananisumbua nikiandika.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke na ni fundi wa sofa. Wale wa kuuliza "mwanamke na sofa wapi na wapi" malizeni kucheka tuendelee.

Kwetu ni Kitui, lakini naishi Kibera, pande za Soweto East. Kazi iko Kawangware, kwa shed ya jua kali kando ya barabara. Tuko mafundi kadhaa, kila mtu na kona yake, ila kompresa ya upepo ni moja tunatumia wote. Jirani yangu wa kona anaitwa Owino, mtu wa Kisumu Ndogo. Asubuhi tunatembea pamoja kwenda job. Mdomo wa Owino haujui kupumzika, lakini ni mtu wa maana sana.

Sasa, gun ninayoongelea si ya polisi, tulieni. Ni ile ya kupigia kitambaa pini kwenye fremu ya sofa. Unaichomeka kwa kompresa, unavuta trigger, pini inaingia kwa mbao, tap, umemaliza.

Kwa wengine hiyo ni ya kurahisisha kazi tu. Kwangu mimi bila hiyo hakuna kazi, na nitawaambia kwa nini.

Kuna mvua moja niliteleza kwa matope Soweto West nikavunjika mkono wa kulia, hapa kwa kifundo. Ulipona, lakini ulipona vibaya. Nikishika nyundo kupiga misumari midogo ya kitambaa, saa ya lunch haijafika umefura kama mandazi. Daktari wa clinic aliniambia nitafute kazi ingine.

Nikatafuta gun.

Nilienda kununua mpya kabisa, kwa duka linalotambuliwa na kampuni yenyewe, na waranti juu. Jina la kampuni naliacha, sitaki kesi. Mjue tu ni wale matangazo yao yako na fundi mzungu anatabasamu na overall haina hata doa.

Siku nimefika nayo kwa shed, kila mtu alikuja kuishika kama mtoto mchanga. Halafu Owino akawasha jiko, akapasha msumari moto hadi ukawa mwekundu, akanichomea herufi za jina langu kwenye kishikio cha plastiki. Kubwa kubwa, hata kipofu angezisoma kwa kidole.

Mtaelewa hii kama mmewahi kufanya kazi kwa shed. Kwetu hakuna chombo kinaingia bila kuchomwa alama. Vitu vinaazimwa kutoka asubuhi hadi jioni, na usipoweka alama nyundo yako itaonekana kona ya mtu mwingine, na yeye ataapa ilikuwa ya babake. Chairman wetu, Mzee Mutua, hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza. Hakuna aliyewahi kufikiria mara mbili juu yake. Hata mimi sikufikiria.

Miezi ikaenda, gun ikafanya kazi vizuri. Nilikuwa na raha wacha tu.

Kisha trigger ikaanza wazimu. Mara unavuta haitoi kitu. Mara hujavuta, imetema pini. Siku moja nimeiweka chini tu, ikafyatuka yenyewe, pini ikapita karibu na paja la Owino na kuingia kwa sponji. Yawa! Alilia juu ya hiyo pini kama mtu amepigwa mshale. Alichechemea hadi jioni na haikuwa imemgusa.

Lakini mimi niliogopa. Hiyo kitu ingeweza kutoa mtu jicho.

Nikapiga customer care. Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Credit ikaisha kabla niongee na binadamu. Nkt!

Nikajaribu tena hadi nikampata dada mmoja, nitamwita Sharon, si jina lake. Sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio. Akaniambia nipeleke gun kwa service centre yao Industrial Area, technician ataiangalia, nitapigiwa.

Nilipeleka. Ngojea hiyo simu ya kupigiwa, wewe ngojea tu.

Nikawa mimi ndiye napiga. Iko kwa queue, madam. Technician hayuko, madam. System iko down, madam. Hilo neno madam nilikuja kulichukia, aki.

Mwishowe wakasema ni sawa, niende nichukue, hawakuona shida yoyote. Nikaileta shed. Sofa moja haijaisha, ikafyatuka tena yenyewe.

Nikairudisha. Safari hii wakasema wamebadilisha spring. Kweli trigger ilitulia, lakini sasa ikawa inavuja upepo kwa shingo, inapiga mluzi kama sufuria ya presha. Pini zinaingia nusu, nusu imebaki nje. Mteja akikalia hiyo sofa atainuka na suruali imepasuka.

Nikairudisha tena. Mnaona vile nilikuwa mpole? Mimi mwenyewe nilijishangaa, kwa sababu nyumbani wananijua.

Baada ya kungoja sana, Sharon akapiga. Yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza! Nikajua ni habari njema. Kumbe.

"Madam, waranti yako imekataliwa. Technician ameona kishikio kimechomwa na moto. Hiyo ni matumizi mabaya."

Nikamwambia hiyo ni alama ya jina langu, na ilikuwa hapo mara ya kwanza, ikawa hapo mara ya pili, na hakuna mtu alifungua mdomo. Akasema hiyo ilikuwa technician mwingine. Nikamuuliza jina langu kwa kishikio linaingia aje kwa trigger. Akasema policy ni policy, madam.

Wakuu, nilimwambia maneno siwezi kuandika hapa, mods watanifungia. Kisha nikakata simu nikakaa kwa fremu ya sofa.

Kwa sababu hapo ndipo nilielewa maana yake. Gun ingine sikuwa na uwezo wa kununua. Nikarudi kwa nyundo, mkono ukafura. Nikaufunga bandeji, nikapiga kwa mkono wa kushoto, nikajigonga vidole vyote. Owino akawa anamaliza kazi yake halafu anakuja kunipigia misumari bila kusema kitu, na mkiona Owino amenyamaza mjue mambo ni mabaya.

Kazi zangu zikaanza kuchelewa. Wateja wakaanza kupiga simu wakiongea na ile heshima ya baridi. Kuna jamaa wa kuuza viti vya plastiki akaanza kupitapita kona yangu akipima kwa macho.

Mzee Mutua akanijia. Yeye ni mtu wa kwetu Ukambani, kwa hivyo alianza mbali, akauliza mvua, akauliza mahindi, ndipo akaniuliza polepole kama bado nitaihitaji kona. Hakuwa na ubaya. Kuna mtu alikuwa amemuuliza naye ilibidi aniulize. Nikamwambia anipe hadi mwisho wa mwezi.

Nilienda nyuma ya shed nikalia. Sioni haya kusema. Nilifundishwa hii kazi na mtu alinikubali wakati mafundi wote wengine walinicheka, na sasa natolewa kazini na kishikio cha plastiki!

Halafu ikaja message: nikachukue gun yangu hivyo ilivyo, la sivyo wataitupa.

Nilitaka kuacha. Owino ndiye alikataa. Akasema kama ni ya kutupwa tutaitupa sisi wenyewe, na tutachagua mahali. Akafunga kona yake asubuhi nzima tukaenda wote.

Sharon, huyo wa sauti, tukamkuta kwa counter. Akaingia ndani, akatoka na gun kwa karatasi ya nailoni, tag yenye jina langu inaning'inia. Akanisukumia kitabu nisaini kwamba nimeipokea.

Nikaitoa kwa nailoni. Nikaigeuza upande huu. Nikaigeuza upande ule.

Kishikio safi! Hakuna herufi, hakuna hata mkwaruzo.

Owino alianza kucheka kabla yangu. Nikamkanyaga mguu anyamaze.

"Hii si yangu," nikasema.

"Madam, ni yako. Tag si hii?"

"Sawa dada. Basi nionyeshe mahali niliichoma."

Wakuu. Mngemwona Sharon.

Aliichukua, akaigeuza kama nilivyoigeuza. Akaangalia tag. Akaangalia gun. Akaniangalia mimi. Nikamwambia bila kupandisha sauti, na mjue hiyo ndiyo hatari yangu, kwamba achague moja. Kama hii ni yangu, basi haijachomwa na waranti iko, waitengeneze. Kama yangu ni ile iliyochomwa, basi wameipoteza, wanilipe ingine. Watu kwa laini nyuma yetu wakaanza kusema, "Huyu mama ako sawa kabisa!" Mmoja akaweka jenereta yake chini ili asikie vizuri.

Sharon akaenda kuita manager.

Manager alikuja na tabasamu ya kutuliza watu. Ikaisha alipoelewa. Akatupeleka ndani, akaanza kuuliza wafanyakazi wake maswali, na hapo ndipo ukweli ukatoka. Kuna fundi mwingine, sijui wa wapi, alikuwa anawapigia simu siku zote hizo akilia kwamba amerudishiwa gun imeandikwa jina la mtu hamjui. Na Sharon na wenzake walikuwa wanamjibu kwamba ni yake, atulie!

Kwa hivyo maskini huyo alikuwa na gun yangu inavuja, mimi nikapewa yake, na sisi wote tuliambiwa tumekosea. Hapo hata hasira iliisha, nikaanza kumhurumia huyo ndugu nisiyemjua. Nikamwambia manager ampigie simu mbele yangu. Alimpigia, akamwambia aje achukue yake.

Sifa nimpe manager, hakuzunguka. Alikubali kwamba moto wa kishikio haungeweza kufanya kitu kwa trigger, na kwamba aliyekataa waranti alitafuta sababu ya kupunguza kazi mezani. Akatoa gun mpya kwa carton.

Nilikataa kuibeba. Nikasema ijaribiwe hapo hapo. Hawakuwa na kitambaa, Owino akavua kofia yake akaiweka juu ya ubao wa pallet. Nikapiga pini mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Zote zililala chini, hakuna mluzi, hakuna wazimu. Kofia nadhani bado iko kwa huo ubao mpaka leo.

Tulipotoka nje niliketi kwa ukingo wa barabara, nikacheka hadi machozi. Nilihisi kama mtu ametua mtungi wa maji aliobeba tangu jana. Owino aliniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Sasa somo, maana najua mnalingoja.

Chombo kikiwa bado chini ya waranti, usikichome, usikichonge, usikitoboe. Hiyo ya kuchoma alama ni akili ya shed na inatufaa, lakini watu wa counter hawaijui na wengine wanatafuta tu mahali pa kushikilia. Nilipowaambia wenzangu, Mzee Mutua alikuwa mkali, akasema kitu hakina alama kitatembea. Tukabishana hadi chai ikapoa. Tumekubaliana vyombo vipya vitapakwa alama ya rangi ya kucha hadi waranti iishe. Owino ndiye anaitunza, ni ya pink, na anakasirika ukiuliza kwa nini inaisha haraka hivyo.

Ingine ni kujaribu kitu hapo hapo kwa counter kabla ya kusaini. Hata wakikuangalia vibaya. Na uende na mtu, maana ukiwa peke yako ni rahisi kuamini kwamba ni wewe umekosea. Mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Jana simu imelia, namba ngeni. Mama mmoja anauliza kama anaongea na fundi wa sofa. Juzi juzi hapo ningempa namba ya Owino nikate. Nilikaa kidogo, nikamwambia ndiyo mama, ni mimi, niambie unataka ya aina gani.

Haya, na nyinyi mwageni yenu hapo chini. Nani amewahi kuzungushwa hivi, na alitoka aje? Nitawajibu jioni. Saa hii niko kazini.