Mshale wa temperature ulishuka nikafurahi, kumbe rejeta ilikuwa kavu

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Leo sina utani. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu za kunivua nguo sijaziruka. Mkitaka kunitukana, tafadhali someni kwanza mpaka mwisho.

Nipo Singida mjini. Nina kagari kadogo ka zamani sana. Jina lake silitaji, maana gari halina kosa. Mwenye kosa ndiye anayeandika hapa.

Wenye magari ya zamani mnajua kila gari lina tabia zake. Langu geji ya mafuta ilikwama kwenye nusu tangu nalinunua, kwa hiyo mafuta nilikuwa nakadiria kwa safari. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguliwa kwa nje tu.

Na geji ya temperature ilikuwa na kichaa chake. Ukipanda mlima, mshale nao unapanda mpaka karibu na H, yaani moto kabisa. Unagonga dashboard ngumi mbili, unarudi katikati. Fundi alisema kuna waya umelegea. Nikamwambia tutaurekebisha. Ikapita miaka miwili.

Tena nilikuwa najisifu, jamani! Abiria akiona mshale unapaa anaanza kuhema. Mimi nagonga, paa paa, umeshuka. Nawaambia, "Gari linamjua mwenyewe."

Msidhani nilikuwa siangalii coolant, yale maji ya kupoza injini. Kila asubuhi nafungua boneti, nachungulia ile chupa ya plastiki ya akiba pembeni ya rejeta. Maji yako kwenye mstari? Nafunga, naondoka. Mfuniko wa rejeta yenyewe nilikuwa siugusi kabisa.

Fundi huyohuyo alishaniambia ule mfuniko mpira wake umechoka. Maji yakipata moto yanakwenda kwenye chupa, yanayozidi mstari yanamwagika nje, na injini ikipoa hayarudi. Akasema nibadilishe, ni kitu cha bei ya kuku mmoja. Nikaitikia ndiyo ndiyo, halafu nikasahau. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa twende kwenye tukio.

Mama yangu alikuwa na dada yake mmoja tu, mama mkubwa wetu, anaishi Kinampanda. Hawa wawili waligombana kwa ajili ya shamba la baba yao, wakakaa miaka mitatu hawasemeshani. Ni mambo ya aibu lakini ukoo gani hauna?

Mama mkubwa alipoanza kuumwa wakapatana kwa simu. Walilia wote wawili, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Ila kuonana uso kwa uso ilikuwa bado.

Jioni moja akapiga Elia, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwangu ni kaka. "Mdogo wangu, mama hali yake si nzuri. Tangu asubuhi anamuulizia mama mdogo. Mleteni kesho, msichelewe."

Mama akasema atapanda basi la asubuhi. Alishafunga na kamzigo kake, unga wa uji na kitenge kipya cha dada yake.

Mimi nikadakia, "Mama, Kinampanda wakuone unashuka kwenye basi na mwanao ana gari? Si utaniaibisha?"

Akaniangalia. "Haya baba, kama unaona litafika."

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kukaa kimya.

Saa moja asubuhi nikafungua boneti, nikachungulia chupa. Imejaa vizuri tu. Tukaondoka. Mama amekaa mbele, kitenge mapajani, anaimba nyimbo zake za kwaya polepole. Alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, nilikuwa namwona.

Tulipovuka Iguguno kikaja kilima. Mshale ukapanda, nikagonga. Haukushuka. Nikagonga tena kwa nguvu. Wapi! Mama akauliza kuna nini, nikamwambia ni kawaida yake.

Halafu ghafla ukashuka wenyewe. Ukashuka mpaka chini kabisa, kwenye C, kama gari ndiyo kwanza limewashwa.

Nikashangilia. Nikampigapiga mama begani, "Umeona? Limepoa!"

Mama akanusa. "Mbona kunanuka kama sufuria iliyokaukiwa na maji jikoni?"

Nikamwambia ni breki za malori ya mbele. Mbele yetu hapakuwa na lori hata moja.

Hazikupita dakika tano gari likaanza kuishiwa nguvu, likagonga gonga ndani, likazima. Kimya. Nikafungua boneti, joto likanipiga usoni. Nikachungulia chupa, maji yapo palepale kwenye mstari. Nikachanganyikiwa.

Basi sikilizeni hiki ninachojutia kuliko vyote, kuliko hata injini.

Tukiwa tumesimama pale ikatokea Costa, basi dogo la Kiomboi linalopitia Kinampanda. Ina nafasi, naona viti kwa macho yangu. Mama akashuka, akanyoosha mkono, ikapunguza mwendo.

Mimi nikampungia dereva aende. Nikamwambia mama, "Dakika kumi tu likipoa tunaondoka. Tutaipita hiyo hapo mbele."

Mama akabaki ameshika kamzigo kake, anaiangalia inavyoondoka. Angenifokea ingekuwa afadhali.

Kwa haraka zangu nikafunga kitambaa mkononi, nikafungua mfuniko wa rejeta. Hakuna mvuke wa maana. Ndani kukavu kabisa! Nikachukua dumu la maji ya kunywa la mama, lita tano, nikamimina yote kwenye injini ya moto vile vile. Ikalia tsss. Nikasikia na kitu kinaalika ndani.

Nikapiga starter. Haikuwaka tena.

Dereva mmoja wa lori, mzee wa makamo, akasimama kutusaidia. Nilipomsimulia habari ya mshale akatikisa kichwa. "Kijana, ile sensa ya mshale inapima joto la maji. Maji yakiisha inapima hewa, mshale unashuka. Hapo ulitakiwa uzime gari, siyo ufurahi. Na maji ya baridi kwenye injini ya moto ndiyo umemaliza kabisa."

Yeye alikuwa anarudi Singida, hakuweza kutusogeza mbele. Akatuachia maji ya kunywa akaondoka.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Magari yanapita yamejaa. Mwishowe pickup iliyobeba magunia ya alizeti ikatupeleka mpaka Misigiri, kisha bodaboda mbili. Mama yangu, mtu mzima wa miguu inayouma, kwenye bodaboda na vumbi lote lile.

Kabla hatujafika nyumbani kwa mama mkubwa tulisikia vilio.

Alikuwa amefariki saa sita. Sisi tumefika saa nane. Ile Costa ilikuwa imeshafika saa nne na kitu.

Elia akanisimulia baadaye kwamba mpaka dakika za mwisho mama yake alikuwa anageuza kichwa mlangoni kila mtu akiingia.

Mama aliingia ndani akamfunika dada yake kile kitenge, akakaa chini. Sitaki kueleza zaidi hapo.

Jioni tumekaa na wazee, mjomba, kaka yake mama, akauliza mbele ya watu wote, "Mlikwama wapi? Tuliwaita tangu jana."

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nisameheni kaka. Nilichelewa kujiandaa mimi."

Na mimi, dume zima lenye ndevu, nikaangalia chini, nikanyamaza. Gari walijua limeharibika, lakini walidhani limeharibika mchana, baada ya mama kuchelewa kutoka nyumbani.

Mnajua kilichofuata. Watu wakaunganisha na ugomvi wa shamba. Ikawa mama hakuwa amesamehe kweli, alijivuta makusudi asimwone dada yake. Elia siku ya mazishi alimpa mama mkono bila kumtazama usoni. Na Elia alikuwa anampenda sana mama mdogo wake.

Nikamwambia mama nitawaeleza ukweli. Akakataa. "Achana nayo mwanangu. Mimi nimeshazeeka, maneno hayaniui. Wewe bado una maisha marefu na ndugu zako."

Injini haikufaa tena. Hilo halinisumbui, chuma ni chuma.

Kwa wenye magari ya zamani: injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta yenyewe uone maji kwa macho yako, usidanganywe na chupa. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda, simama, zima. Geji ikianza vituko itengenezwe, usiizoee kama nilivyoizoea mimi. Na mzazi akisimamisha basi, mwache apande.

Arobaini ya mama mkubwa ni Jumamosi hii, ukoo wote utakuwepo. Mama bado hataki niseme. Mimi nimeshaamua nitasimama niseme niliyeliruhusu lile basi liondoke ni mimi, mama yangu alikuwa tayari tangu alfajiri.

Sijawahi kuongea mbele ya wazee, na Elia atakuwa amekaa hapo hapo mbele yangu. Wakuu mliowahi kusimama mbele ya ukoo kukiri kosa, mlianzia wapi? Nielekezeni, ninasoma comment zote.