Makofi ya Wifi Yangu

Kaka yangu ana kijicho, na sisemi kwa siri. Mama yetu mwenyewe humwambia. Ajabu ni kwamba anayemwonea kijicho ni mkewe. Wote wawili ni mafundi wa kompyuta katika kiwanda cha kuchapisha vitabu, mimi nipo mapokezi, na mwezi ule mkurugenzi alikuwa anatafuta mkuu wa chumba cha mitambo. Wifi akisifiwa kidogo tu, kaka hagusi chakula siku hiyo.

Basi akajitia kubadilisha mfumo wa mafaili wa seva kuu, aina ya zamani iwe mpya, peke yake, ili mkurugenzi ajue fundi ni nani. Diski ikakubali. Akaandika aina mpya kwenye faili la mipangilio, akazima, akawasha. Mashine ikaandika kwamba haiwezi kufungua mzizi wa mfumo, yaani pale mafaili yote yanapoanzia, ikagoma papo hapo. Wachapaji wote wakakaa bure.

Akaiwasha kwa flashi ya uokozi, akakuta mafaili yote yapo, mazima. Akaichomoa flashi, akawasha tena: haiwezi kufungua mzizi. Shati lilimlowa jasho na kiyoyozi kinavuma.

Nilipopeleka chai, nilimkuta wifi amesimama mlangoni.

"Baba watoto, lile faili dogo la kuanzishia umelijenga upya? Ndilo linaloamka kwanza, na lilijengwa enzi za mfumo wa zamani. Huu mpya halijui kuufungua."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi niachie kazi yangu!"

Wifi akachukua kikombe chake akaenda zake. Mficha uchi hazai, nikasema moyoni, nikajifanya natafuta sukari. Kaka akachungulia korido, akafunga mlango, akairudisha flashi, akalijenga upya lile faili. Akawasha. Mashine ikaamka mpaka mwisho bila kusita.

Mkurugenzi akatukusanya, akamtangaza kaka kuwa mkuu, kisha akamtaka aeleze alivyolikamata tatizo. Kaka akaeleza vizuri sana, habari ya diski, habari ya flashi. "Halafu nikajiuliza," akasema, na hapo akakwama. Macho yakamkimbilia mkewe. Nami nikamkodolea: sema, kaka, sema!

"Endelea, baba watoto," wifi akamwambia taratibu.

"Nikajiuliza kama lile faili la kuanzishia limejengwa upya," akasema.

Wifi akawa wa kwanza kupiga makofi, na wa mwisho kuacha.

Cheo anacho sasa, na ofisi yenye ufunguo wake. Lakini mkewe akiingia kwa mkurugenzi, hata kuomba ruhusa tu, kaka huja mbio mapokezi.

"Ametoka? Umemsikia anasema nini?"

"Hajasema kitu, kaka."

Hapo ndipo roho humuuma zaidi.