Mafunjo Yaliyofunika Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, nilikabidhiwa uma wa kutandazia nyasi. Ilikuwa miaka ya hamsini na mvua ilikuwa imegoma. Kinga yetu ilikuwa matandazo, yaani nyasi zinazolazwa chini ya mikahawa ili jua lisinyonye unyevu wa udongo. Meneja wa pale alikuwa mkali lakini mtu wa haki. "Weka mingi," alituambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "lakini hapana gusa shina, itaoza." Nyasi zake alizipanda mwenyewe, shamba zima la mabingobingo.

Baadaye nilihamishiwa Thika, nikawa nyapara. Meneja wa huko alikuwa amepanda kahawa kila mahali, asibakize pa kupanda nyasi. Ukame ulipozidi akageukia kinamasi ili akate mafunjo yake yawe matandazo. Humo mafunjo marefu yaliifunika chemchemi isikaushwe na jua. Chemchemi hiyo ndiyo iliyonywesha kijiji cha Hali ya Hatari, ambamo serikali ya kikoloni ilikuwa imewakusanya watu kwa nguvu, kikazungushiwa mtaro na miti iliyochongwa. Akina mama waliruhusiwa na homugadi, askari wa kulinda kijiji, kutoka kitambo kidogo tu kwa siku kuteka maji.

Mmoja wao, Mama Wangari, rika la mama yangu, alinikuta nikipanga wakataji.

"Njoroge, mwanangu, hii mafunjo mkimaliza sisi tutakunywa nini? Mpaka mtoni ni mbali, na homugadi hatungoji."

Nikamwendea meneja. Nikamwambia mafunjo yakiisha chemchemi itakauka.

"Mimi najua," akasema, bila hata kuinua macho. "Kahawa ni yangu. Hiyo chemchemi ni ya nani?"

Jibu hilo linanichoma hadi leo. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Niliwaambia wakataji waache mafunjo yaliyozunguka jicho la chemchemi. Kesho yake meneja akaleta watu wengine wakayafyeka, nami nikavuliwa unyapara, nikarudishwa kuchuma kahawa. Chemchemi ikawa tope, kisha ikawa udongo mkavu. Akina mama wakaanza kukimbia hadi mto Chania na kurudi. Siku moja Mama Wangari alichelewa, maji yakamwagwa mbele yake getini, na yeye akalazwa korokoroni. Kahawa yetu ilistawi. Meneja alipewa kikombe kwenye maonyesho kwa kukishinda kiangazi, akatupigia hotuba, na tukaamriwa kupiga makofi.

Nimestaafu zamani. Kinamasi kile kilikatwa ploti, na kanisa letu limejengwa papo hapo. Mwaka huu mvua imekawia tena. Jumapili iliyopita pasta aliniita mbele, kwa kuwa mimi ndiye mzee kuliko wote, niongoze maombi ya mvua.

"Guka, babu yetu, tuombee," akasema.

Nilisimama pale mbele, nikijua ninakanyaga nini chini ya ile saruji. Nikamwambia aombe yeye. Mimi na Mungu, nikasema, tuna neno la Mama Wangari la kumaliza kwanza.