Shina la Nyasi Kichwani pa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, Kinondoni yetu ilikuwa bado mihogo na mikorosho, na mama yangu alikuwa amelala humo mwaka wa saba. Ubao wa kaburi lake ulikwisha kuliwa na mchwa. Kilichobaki ni shina la nyasi alilolipanda Bibi upande wa kichwa. Ukoka hutambaa, alisema, leo kwako, kesho kwa jirani. Lakini nyasi hizi hukaa palepale zilipowekwa, na hata zikiungua huchipua palepale. Tena hujisuka zenyewe. Bibi aliamini kuwa aliye chini ndiye anayezisuka. Alinionya nisizifumue kamwe, nisije nikamfumua mama nywele.

Mwaka ule Waingereza walileta wapimaji wa viwanja. Tukatangaziwa: mwenye kaburi alionyeshe kabla ya Ijumaa liwekewe vigingi, la sivyo litajengewa nyumba juu yake. Na macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu.

"Haya, mke mwenzangu," akaniambia, "leo macho yako, vidole vyangu. Tafuta penye mchanga palipoinuka, pasipotuama maji."

Shina la kwanza nililomwonyesha alilishika chini kabisa, akaliachia. "La mviringo hili. Letu ni bapa, kama limekaliwa. Twende."

La tatu lilikuwa bapa. Juu yake mikia myeusi ya mbegu ilikuwa imejipinda pamoja, kama nywele za mtoto aliyesukwa kwa ajili ya sikukuu. Bibi alipapasa, akakaa mchangani, nikamsikia akisoma Fatiha.

Nikainua macho. Hatua nne mbele palikuwa na shina jingine, bapa vilevile, limesukwa vilevile.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Karani wa wapimaji alipofika nikamwamkia, nikasimama nyuma ya shina alilolipapasa Bibi, kisha nikatembea hadi lile jingine na kulipita.

"Kaburi linaanzia kule, linaishia hapa."

Karani akacheka. "Bibi, marehemu alikuwa mtu au mnazi?"

Bibi alikuwa amenigeuzia uso, ametega sikio kwenye nyayo zangu.

"Alikuwa mrefu, mwanangu. Piga vigingi."

Ukubwani nilisoma kwamba nyasi zile hujisuka popote ziotapo. Umande na jua ndivyo vinavyozungusha mikia ya mbegu. Sikumcheka Bibi. Mchanga, shina bapa, ukaaji wake mahali pamoja, yote aliyonifundisha yalikuwa kweli. Tulitofautiana juu ya msusi tu. Na shina la mama ni lipi kati ya yale mawili, sijui hadi leo.

Nilipotimiza miaka kumi na mitatu, Bibi alinitolea sandukuni gauni la mama. Nililivaa mbele yake, naye akapapasa pindo kwa vidole vyake.

Lilikuwa fupi kwangu.